Nyatiti Katika Shule za Kando ya Ziwa

Msafiri atokaye Kisumu, mji ulioitwa Port Florence reli ilipoufikia mwaka 1901, akishika njia ya Busia hupita Maseno, penye mstari wa Ikweta na shule iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1906.

Katika shule za sehemu hizo mwaka wa muziki huanza Januari. Vijana hujifunza orutu yenye uzi mmoja, na nyatiti ya nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huketi juu ya kigoda, na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu humpatia mdundo. Kisha huja mashindano, toka ya kaunti hata yale ya taifa yaliyoanza mwaka 1927.

Lakini kushindwa si taabu kubwa. Taabu ni kwamba kila mwaka walio hodari humaliza masomo na kuondoka, na nyatiti huweza kubaki bila mwenyewe. Zamani mtoto alifundishwa na mzee kijijini. Sasa wengi hawana mzee huyo karibu. Basi kikundi chenye busara humketisha mdogo kando ya mkubwa tangu siku ya kwanza. Kikombe hupata vumbi kabatini, bali mkono uliofundishwa hufundisha mwingine.