Watoto Safarini: Kutoka Kwa Mrombo hadi Momela

Katika meli kubwa za matembezi ya baharini, watoto hutengewa vyumba vyao kwa kadiri ya umri, wakachezeshwa na kufundishwa kazi za mikono, nao wazazi wakapata kupumzika. Sisi tukaao Kwa Mrombo, kusini mwa mji wa Arusha, bahari iko mbali nasi. Lakini jambo lilo hilo twaweza kulipata karibu, chini ya Mlima Meru.

Jamaa watokao hapa huingia mjini, wakafuata njia ya Moshi hadi Usa River, kisha wakakata kushoto kuelekea Hifadhi ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960. Humo mna mbega weusi kwa weupe, na maziwa ya Momela yenye maji ya magadi yawavutayo heroe. Katika Momela Ndogo wageni huongozwa kwa mitumbwi, na watembeao kwa miguu hufuatana na askari mwenye bunduki.

Yafaa mtoto amsikilize kiongozi huyo, kwani atajifunza mengi tusiyoyajua sisi. Lakini, ndugu wazazi, mtoto ni amana. Kabla ya kumkabidhi, ulizeni: ni umri gani unaoruhusiwa, ni nani atakayemwangalia, na jaketi la kuokolea maisha lamkaa sawasawa? Na akirudi, msimnyamazishe kwa simu, mwulizeni aliyoyaona. Kumpa mwenyeji mtoto kwa saa moja ni kupata msaada; kumwachia safari nzima ni kuutupa ulezi.