Hakuna Anayekimbia Kabla ya "Vor"

Kwenye kuta za mitaa ya Hamburg kuna vibao vidogo vyeupe vyenye ukingo mwekundu. Juu vimeandikwa H 100 au H 150, chini yake kuna mchoro kama herufi T na namba mbili. Mwaka wangu wa kwanza niliamini ni mambo ya kampuni ya gesi. Kumbe ni maelekezo ya njia. Unakipa kibao mgongo, unatembea mbele mita kadhaa, kisha kushoto au kulia mita kadhaa, na hapo chini ya miguu yako, hata kama theluji imefunika barabara yote, kuna mfuniko wa chuma, na chini ya mfuniko kuna bomba la maji ya kuzimia moto. Hiyo 100 ni upana wa bomba kwa milimita.

Aliyenifundisha kukisoma ni mzee wa ghorofa ya chini, mstaafu wa bandarini, ambaye amekuwa zimamoto wa kujitolea tangu ujana wake. "Njoo Jumatatu jioni," aliniambia, "kuna mazoezi, na baadaye kuna soseji." Soseji sikula, maana ilikuwa ya nguruwe. Lakini Jumatatu iliyofuata nilirudi, na iliyofuata tena.

Wengi wetu tukisikia Ujerumani tunafikiri kila kitu kinafanywa na mtu wa mshahara mwenye cheti ukutani. Si hivyo kwenye moto. Nchi nzima ina miji mia moja na kitu tu yenye kikosi cha waajiriwa. Kwingine kote moto unazimwa na waokaji mikate, walimu, mafundi bomba, wanafunzi, jumla yao karibu milioni moja, bila mshahara. Hata Hamburg, ambayo ina waajiriwa wake, ina vikosi vya kujitolea zaidi ya 80. Waajiriwa wanakaa vituoni usiku na mchana, na kazi yao kubwa siku hizi si moto bali magari ya wagonjwa, maana hapa zimamoto ndio wanaobeba wagonjwa pia. Sisi wa kujitolea tunakaa majumbani. Kifaa kidogo kiunoni kikilia, unaacha ugali mezani.

Lakini kilichonishika si hayo. Kilichonishika ni sentensi.

Gari letu hubeba watu tisa, na kiti unachokalia ndicho kazi yako. Mbele kulia ni kiongozi. Kushoto kwake dereva, ambaye tukifika anakuwa mtu wa pampu. Nyuma kuna tarishi, wa kupeleka maneno, na jozi tatu: jozi ya kushambulia, jozi ya maji, jozi ya mipira. Hakuna anayeingia kwenye moshi peke yake, hata awe shujaa namna gani. Wakiingia wawili wenye mitungi ya hewa mgongoni, wawili wengine wanasimama nje wamevaa vilevile, wakingoja, ili wawatoe wale wa kwanza wakikwama. Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kungoja nje nilijisikia nimedharauliwa. Sasa nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Tukifika hatukimbii. Tunashuka, tunajipanga nyuma ya gari. Kiongozi anazunguka nyumba, anatazama, anauliza watu, kisha anarudi na kusema sentensi moja. Sentensi hiyo ina vyumba vyake na kila chumba kina mwenyewe: nani, afanye nini, kwa kifaa gani, wapi, kwa njia ipi. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: jozi ya kushambulia, kuokoa mtu, kwa mpira mwembamba, ghorofa ya pili, kupitia ngazi za ndani. Halafu mwisho kabisa linakuja neno fupi, "vor", yaani mbele. Kabla ya neno hilo hakuna mguu unaonyanyuka. Na hata baada ya kuambiwa, unairudia sentensi kwa sauti yako mwenyewe, chumba kwa chumba, ndipo unakwenda.

Msomaji, mimi ni mtu wa maneno, na sijawahi kukutana na sentensi iliyonitisha kama hiyo. Kiswahili chetu kwenye hatari kinaanza na kitenzi. Kimbieni! Leteni maji! Toeni vitu! Kabla hujajua nani anaambiwa, nyote mmeshaondoka.

Naijua hiyo vizuri. Tanga, mwaka 2003, nilikuwa na miaka 14. Jiko la uani la bibi yangu, la makuti, lilishika moto baada ya sala ya adhuhuri, na upepo ukaupeleka kwenye nyumba. Mtaa mzima ulikuja. Sitaki mtu aseme kwamba watu hawakusaidia, walisaidia mno. Lilitolewa kabati la vyombo, ikatolewa cherehani, yakatolewa magodoro na mabati mapya yaliyokuwa yameegemezwa ukumbini. Mimi nilitoa televisheni, ile ya chogo, nikaikumbatia kama mtoto mchanga hadi barabarani, na watu wakanipongeza. Tulikuwa watu kama 40 pale nje. Kila mmoja alijua kwa hakika kwamba Bibi ameshatolewa na mwenzake.

Bibi alikuwa amelala chumba cha nyuma. Alitoka mwenyewe. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo la chuma, na chuma kilikuwa kimeshapata moto. Alilifungua kwa mkono wa kulia, likamshinda, akamalizia na wa kushoto. Alikuwa msuka ukili, mikeka yake ilikuwa inanunuliwa mpaka Pangani. Hakusuka tena.

Ndiyo maana nilipoisikia ile sentensi, na nikaona kwamba kumwokoa mtu kuna chumba chake ndani ya sarufi, tena kinakuja kabla ya kifaa na kabla ya njia, nilikwenda nyuma ya gari nikajifanya nafunga viatu.

Nikataka kujua walijifunza wapi. Jibu ni kwamba walijifunza kwa kuungua.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 1842 moto ulianza katika mtaa wa Deichstraße, kando ya mfereji, mahali palipojaa maghala ya bidhaa za bandari, pombe kali zikiwemo. Hamburg haikuwa jiji la wajinga wa moto. Tangu mwaka 1676 lilikuwa na mfuko wa bima ya moto wa nyumba, na mfuko huo bado upo. Hakuna bima kongwe kuuzidi. Lilikuwa na walinzi wa minarani, pampu za mkono, hata pampu zilizofungwa juu ya mashua. Wazimaji wake walivaa kanzu nyeupe za kitani, na watu wakawaita Wittkittel, wenye kanzu nyeupe. Walikuwa watu wenye kazi nyingine, wakiitwa moto unapotokea. Mkuu wao wa zamani, Johann Georg Repsold, alikuwa fundi wa darubini, mtu aliyekijengea chuo cha Göttingen chombo cha kupimia nyota, naye alikufa Januari 1830 ukuta ulipomwangukia akizima moto. Kwa hiyo ujasiri ulikuwepo, na ujuzi ulikuwepo.

Kilichokosekana ni mtu wa kusema neno. Usiku ule ule wa kwanza wazimaji walitaka kulipua nyumba zilizo mbele ya moto ili usipate cha kula. Lakini nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe atadai fidia, na nani ataweka saini? Viongozi wa jiji walisita. Walipokubali, moto ulikuwa umeshakuwa bwana mkubwa. Kanisa la Mtakatifu Nikolai lilianguka. Ukumbi wa jiji wenyewe ulijazwa baruti na kulipuliwa, na moto ukaupita. Uliendelea hadi tarehe 8 Mei. Walikufa watu 51, wapatao 20,000 wakabaki bila makao, na majengo yapatayo 1,700 yakateketea. Mtaa ulipoishia moto unaitwa Brandsende mpaka leo, maana yake mwisho wa moto. Napita hapo nikienda stesheni kuu. Ni mtaa mfupi, wa kawaida kabisa.

Kuna jambo jingine la siku zile ambalo kwenye maonyesho huwa halipewi nafasi kubwa. Mwingereza William Lindley, mhandisi wa reli mpya ya kwenda Bergedorf, alikuwa miongoni mwa waliosimamia ulipuaji. Reli yake ilikuwa ifunguliwe kwa sherehe tarehe 7. Badala yake ilianza kazi mapema, kwa kubeba wakimbizi. Wakati huohuo uvumi ulizagaa kwamba Waingereza ndio wanaolichoma jiji, na wageni wakashambuliwa mitaani. Mwenzangu mmoja kikosini alinisimulia hili huku akinitazama kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyewapiga. Baadaye jiji lilimpa Lindley huyohuyo kazi ya kujenga mifereji ya majitaka na mfumo wa maji ya bomba, ulioanza kazi mwaka 1848. Vile vibao vyangu vya ukutani ni wajukuu wa mabomba yake.

Wenye kanzu nyeupe waliendelea miaka mingine 30. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, aliyekuja kuishi Hamburg mwaka 1867 kwa jina la Emily Ruete, bila shaka aliwaona wakipita mbio. Berlin ilikuwa na kikosi cha waajiriwa tangu 1851. Hamburg, jiji la wafanyabiashara, lilipiga mahesabu yake polepole na kuanzisha chake tarehe 12 Novemba 1872. Kutoka hapo hadithi ni ile unayoitarajia: farasi, mvuke, magari, redio. Naipita.

Siwezi kuupita mwaka 1938. Nilikuwa nimeshaanza kuipenda ile sentensi kupita kiasi, mpaka nikawa nawahubiria rafiki zangu kwenye simu, nilipoanza kusoma juu ya usiku wa tarehe 9 Novemba mwaka huo, Wanazi walipochoma masinagogi nchi nzima. Katika miji mingi ya Ujerumani zimamoto walifika. Walishuka, wakajipanga, wakatandika mipira. Wakamwagia maji nyumba za jirani ili zisishike, na sinagogi wakaliacha liungue. Ndivyo walivyoamriwa. Wiki mbili baadaye sheria mpya iliwaweka zimamoto chini ya polisi na magari yao mekundu yakaanza kupakwa kijani.

Nikakaa na jambo hilo siku nyingi. Watu wasionyanyua mguu kabla ya neno la mwisho wanaweza pia kusimama na maji mkononi. Sentensi yangu nzuri haina chumba cha kuuliza je, hii ni haki.

Miaka mitano baadaye, usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Julai 1943, mabomu ya Waingereza yaliwasha mitaa ya mashariki ya jiji, Hammerbrook, Rothenburgsort, Hamm, na mioto ikaungana ikawa kimbunga kinachovuta hewa na watu. Mashambulizi ya siku zile yaliua zaidi ya watu 30,000. Mwandishi Hans Erich Nossack aliutazama moto kutoka mashambani kusini mwa jiji, akaandika kitabu chake Der Untergang Novemba mwaka huohuo. Mhandisi wa zimamoto Hans Brunswig, aliyekuwa kazini, alichapisha chake mwaka 1978. Ukivisoma vyote viwili utaona Nossack anatafuta lugha, na Brunswig anahesabu mitaa, saa, vikosi. Nilidhani mimi nitakuwa upande wa Nossack. Ni Brunswig ninayemrudia. Anataka kujua kila mmoja alikuwa wapi.

Nilimuuliza mzee wa ghorofa ya chini kuhusu 1938. Hakukimbia swali. Alisema alipokuwa kijana kikosini, wazee wa wakati ule walikuwa bado hai, na hakuna aliyethubutu kuwauliza, wala wao hawakusema. Halafu akakaa kimya, akaniongezea chai.

Mwezi uliopita nilimpigia Bibi. Ana miaka 84, na simu anashikiwa na binamu yangu. Nilimweleza kuhusu viti tisa, jozi tatu, na yule kiongozi anayezunguka nyumba kwanza na kuuliza nani yuko ndani.

"Huyo anayeuliza," Bibi akasema, "anauliza nani?"

"Anauliza majirani, Bibi. Waliosimama nje."

"Majirani wangesema nimetoka."

Sikuwa na la kujibu. Kweli wangesema hivyo, tena kwa kuapa. Siku ya mazoezi nikampelekea kiongozi wetu swali hilo, nikimweleza yote, televisheni na komeo. Alifikiri kidogo. Akasema kwao "nasikia ametoka" si jibu. Mtu ametoka pale unapomwona kwa macho, na kama hujamwona, yumo. Basi siku hiyo akabadilisha zoezi. Akatuweka mbele ya nyumba ya mazoezi, akawapanga watu nje wapige kelele kwamba wote wametoka salama, na mimi akanikalisha kiti cha jozi ya kushambulia kwa mara ya kwanza.

Akaisema sentensi. Chumba cha pili kilikuwa kuokoa mtu. Nikairudia kwa Kijerumani changu cha Tanga, sauti ikitetemeka ndani ya barakoa, hadi neno la mwisho. Ndani kulikuwa na giza na moshi wa mashine. Tulipapasa ukuta kwa mkono wa kulia, chumba cha kwanza, cha pili. Sanamu la mazoezi lilikuwa chumba cha nyuma, limelazwa nyuma ya mlango.