Silfra: Urembo Unaotia Vidole Ganzi

Ikiwa umewahi kupiga mbizi kule Watamu au Malindi, bila shaka unaijua raha yake. Maji ni ya uvuguvugu, samaki ni wa kila rangi, na mtu hutoka akitamani kurudi. Sasa hebu nikupeleke Silfra, ambako adui wa mpiga mbizi si papa bali ni vidole vyake mwenyewe.

Silfra ni ufa uliojaa maji katika mbuga ya Thingvellir, nchini Aisilandi, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka jiji kuu la Reykjavik. Hapo ardhi inaachana kwa kadiri ya sentimita 2 kila mwaka, upande mmoja ukielekea Marekani na wa pili Ulaya. Sisi wa Bonde la Ufa hatushangazwi na hayo. Isitoshe, Wakenya wengi wamesomea Aisilandi namna ya kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria. Binamu yangu alikuwa mmoja wao, nami nikaenda kumtembelea.

Maji ya Silfra huyeyuka kutoka barafu ya Langjökull na kuchujwa na mawe ya volkeno kwa miongo mingi. Ni maangavu hivi kwamba unaweza kuona umbali wa mita 100. Lakini baridi yake! Ni nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi, mwaka mzima.

Huko huruhusiwi kupiga mbizi bila vazi maalumu lisiloingiza maji, ambalo ndani yake unavaa nguo nzito. Mikono, hata hivyo, hutiwa katika glavu za mpira mnene zinazoingiza maji kidogo. Maji hayo yakitulia, hupata joto la mwili. Ukipunga mikono ovyo, hutoka na mengine ya baridi yakaingia.

Kiongozi wetu alituonya tuvae glavu na kofia mapema, tutembetembee, na tusiguse maji kabla ya wakati. Mimi nilikuwa nimevua glavu, napiga picha. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Dakika kumi za kwanza nilisahau dunia. Kuta za mawe zilikuwa za buluu, na nilihisi kana kwamba naruka angani. Kisha nikataka kubonyeza kitufe cha kutia hewa katika vazi langu. Kidole gumba kilikataa. Nilikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

Je, unajua kwa nini? Maji hunyonya joto la mwili takribani mara 25 kuliko hewa. Mwili ukihisi baridi, hupunguza damu ya mikononi ili kuukinga moyo na viungo vingine vya ndani. Ndiyo maana mwenye kutaka mikono yenye joto huanza na kifua na kichwa. Na glavu zisibane, kwani zikibana huzuia hiyo damu kidogo iliyobaki.

Nilimpa kiongozi ishara kwamba nina tatizo. Alinishika mkono, akabonyeza kitufe mwenyewe, akanielekeza kwenye ngazi ya kutokea. Nilipopanda niliona aibu, wenzangu wakiwa bado majini. Damu iliporudi vidoleni, machozi yalinitoka kwa uchungu.

"Asiyeweza kutumia vidole hawezi kujiokoa," kiongozi aliniambia, akinipa kikombe cha kakao moto. "Ulifanya vyema kutoka."

Siku ya pili nilivaa glavu mapema, nikafumbata mikono kifuani, nikaogelea polepole. Nilimaliza safari yote.

Basi msomaji, ukijaliwa kufika huko, nenda ukauone urembo huo. Lakini vidole vikianza kufa ganzi, usingoje. Toka. Silfra haitahama.