Tulifundishwa kuuliza. Tukijibiwa je?

Wacha nianze na ukweli: nilienda kwa ile semina kwa sababu ya elfu tatu.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka jana, kwenye ukumbi wa kanisa moja hapa mtaani kwetu Nakuru. Kuna kikundi kilikuwa kinafunza wakaazi kuhusu afya ya akili, na mimi nikaitwa kupiga picha na kutengeneza video fupi. Nilijua itakuwa yale ya kawaida: maombi, hotuba ya chifu, tisheti, chai na mandazi, cheti, picha ya pamoja, kwaheri. Kichwa cha video nilikuwa nimeshaandika hata kabla sijatoka nyumbani.

Ndani walikuwa wanabodaboda, kina dada wa saluni, mama mboga wawili, kinyozi wangu, na wahudumu wa afya ya jamii na zile begi zao. Mkufunzi alikuwa muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Akatuambia tukae wawili wawili. Mmoja aongee dakika tano kuhusu kitu kinachomsumbua, mwingine asikize tu. Hakuna ushauri. Hakuna "yatapita". Hakuna "hata mimi iliwahi kunitokea". Mtu mmoja alipobaki bila mwenzake, muuguzi akanigeukia: "Kijana, weka kamera chini."

Nikaketi na mwenyekiti wa steji ya boda. Akaanza kunieleza kuhusu mkopo wa pikipiki na vile usingizi umemkataa. Sikumaliza hata dakika moja. "Lakini buda, si angalau uko na pikipiki..."

Akacheka. "Umeona? Ushaanza kunihubiria."

Halafu likaja swali lililofanya ukumbi mzima ugune. Muuguzi alisema ukishuku mtu amefika mwisho, usizunguke. Muulize waziwazi: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Mama mboga mmoja akainua mkono. Si hapo ndio unampa hilo wazo? Muuguzi akatikisa kichwa. Tafiti zimeonyesha kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani. Mara nyingi kunampa nafasi ya kusema kitu amebeba peke yake.

Hapo mimi nilikuwa nimeacha kumsikiliza. Nilikuwa namfikiria binamu yangu.

Alikuwa amepoteza kazi Nairobi miezi kadhaa nyuma. Alipoanza kunyamaza nilimwambia ajikaze, maisha ni safari. Alipotoka kwa grupu ya familia tukasema anaringa. Na wiki mbili kabla ya semina alinitumia viatu vyake vya mpira kwa matatu, akaniambia yeye hatavihitaji tena. Unajua nilimjibu nini? Emoji ya moto.

Jioni hiyo nilimpigia. Nilipouliza lile swali sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Eeh." Halafu akaongeza, "Ni wewe wa kwanza kuniuliza."

Sikuwa na maneno ya busara. Nilifanya tu vile tulikuwa tumeambiwa mchana: usimwache peke yake, mtafutie mtu wa karibu, mfikishe kwa mtaalamu. Sikukata simu. Kwa simu ya dadangu nikamwandikia shangazi anayekaa karibu naye, akaenda kulala kwake usiku huo, na asubuhi wakaenda hospitalini pamoja. Leo anaendelea na matibabu. Kuna wiki ngumu bado. Lakini mwezi uliopita alidai viatu vyake, na sijawahi kufurahi kurudisha kitu namna hiyo.

Kwa hivyo usiniambie semina hizi ni kupoteza wakati. Siku moja ilitosha kunifanya nipige simu moja, na hiyo simu ilikuwa na maana.

Lakini ngoja, hadithi haijaisha.

Miezi mitatu baadaye mwenyekiti wa steji alinipigia usiku. Kijana mmoja wa steji yake alikuwa amebadilika, na yeye akauliza vile tulifundishwa. "Nimeuliza na amesema ndiyo. Sasa nifanye nini?" Namba tuliyopewa siku ile haikupatikana. Grupu ya WhatsApp ya semina, ujumbe wa mwisho ulikuwa tangazo la kuku wa kienyeji. Wakakaa na yule kijana hadi kukapambazuka, wakachanga nauli, wakampeleka wenyewe. Alihudumiwa. Ila hapo katikati mwenyekiti alikuwa amebeba mzigo ambao cheti cha siku moja hakimwandai mtu kuubeba peke yake.

Hapo ndipo nina shida na hii mipango yetu. Tunafundisha watu kugonga mlango, halafu hatuwaambii waende wapi ukifunguliwa.

Na si ati haiwezekani. Kule Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya kumfikia. Mwaka wa 2006 akaanza na nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Waliketi kwenye mabenchi nje ya kliniki wakisikiliza watu wenye kile Washona huita kufungisisa, kufikiria kupita kiasi. Sisi husema mtu "ana mawazo". Ni kitu kile kile. Mpango huo unaitwa Friendship Bench, na utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ukihusisha watu 573 katika kliniki 24 ulionyesha waliokaa na wasikilizaji hao walipata nafuu zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ukiangalia vizuri, siri si mafunzo peke yake. Benchi liko kliniki. Nyanya ana msimamizi. Kesi ikimzidi, anajua anaipeleka kwa nani.

Sisi tuna wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliozinduliwa na serikali mwaka wa 2023. Wanabisha milango yetu na kupima presha na sukari. Watu wa kusikiliza tunao. Wapewe mafunzo ya kurudiwa, si ya mara moja, na namba ambayo ikipigwa saa tano usiku inashikwa.

Na kila semina iwaambie watu jambo lingine. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na ungeweza kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nimeuliza watu kumi mtaani. Wawili tu ndio walikuwa wamesikia. Huyo mwingine bado anaogopa kwamba akisema ukweli ataitiwa polisi.

Kwa hivyo wewe unayeandaa semina, punguza bajeti ya tisheti. Weka pesa ya kurudi mwezi wa pili, na wa sita. Mpigie mwenyekiti wa steji umuulize yeye mwenyewe anaendeleaje.

Na wewe unayesoma, kuna mtu umemfikiria ukisoma hii. Mpigie leo. Muulize, halafu unyamaze. Akisema ndiyo, usimwache, na usibebe peke yako: namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hapa Kenya ni ya bure.

Ile video? Sijawahi kuiposti. Kichwa nilichokuwa nimeandika kilisema, "Mtaa wetu sasa umepona." Nilikifuta.