Nilimwandika "Hakupatikana"

Kuna mvulana nilimwandika "hakupatikana" na alikuwa amesimama mbele yangu, mikono myeupe kwa vumbi la mawe, ananipa kikombe cha maji. Leo wacha niiseme hii kitu, manake imenikaa kooni mwaka mzima.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Ada. Hakuna hadithi tamu hapo ya kijana aliyeacha chuo akawa tajiri, nilirudi Malindi na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Kabla hizi video hazijaanza kunipa hata pesa ya bando, nikapata kibarua cha kukusanya data. Mradi fulani wa kuwachunguza vijana wa Pwani. Tableti mkononi, fulana yenye nembo, shilingi 1,500 kwa siku. Tukatembea Muyeye, Maweni, Mambrui, Gongoni, hadi huko Kilifi. Ukipita na ile fulana watoto wanakukimbilia wakidhani unagawa kitu, na wengine wanakupigia "ciao" hata kama wewe ni mweusi kama chungu. Malindi ni Malindi.

Kwanza tulifunzwa siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli. Swali la kwanza kabisa: kijana ni nani? Nikasema moyoni, si ni sisi? Kumbe. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 260, inasema mtoto ni yule hajafika miaka 18, na kijana ni wa 18 hadi kabla ya 35. Umoja wa Mataifa ukihesabu vijana unachukua 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema 15 hadi 35. Shirika la Afya Duniani nalo lina kundi lake la balehe, 10 hadi 19. Yaani mtu wa miaka 17 pale Gongoni ni mtoto Nairobi, kijana Addis Ababa, balehe Geneva, na kwao hajala tangu asubuhi. Tulicheka sana. Chai ya hoteli ilikuwa tamu.

Huyu mvulana nilimpata nje kidogo ya Kilifi, karibu na timbo wanakokata mawe ya kujengea. Miaka 17. Mamake yuko Saudia, kazi za ndani, mwaka wa tatu huo. Babake hakumtaja na mimi sikuuliza. Nyumbani kuna wadogo zake wawili na nyanya yake, Hawe, ambaye alinipokea vizuri sana akaniita kwa jina la mwanawe aliyekufa zamani. Kila dakika tano ananisalimia upya. Mvulana anaamka alfajiri, anapika uji, anawatoa wadogo zake kwenda shule, halafu anashuka timbo. Jioni anamwogesha Hawe uso na miguu, anafunga mlango.

Haya, nikafungua fomu. Umri? 17. Tableti ikaniambia: pata ridhaa ya mzazi au mlezi mtu mzima kabla ya kuendelea.

Mlezi mtu mzima. Nikamtazama Hawe. Hawe akanisalimia.

Nikampigia msimamizi simu. Akasema kwa simu mama haiwezekani, lazima saini, na bibi asiyejua leo ni siku gani hawezi kumkubalia mtu chochote. Na kusema kweli alikuwa sawa. Hizi sheria hazikuletwa bure. Pwani hii watoto wameshatumiwa vya kutosha. Ripoti ya UNICEF na serikali ya mwaka 2006 ilikadiria wasichana 10,000 hadi 15,000 wa maeneo ya pwani walikuwa wameingizwa kwenye biashara ya ngono, na wateja hawakuwa wazungu peke yao, Wakenya walikuwa wengi tu. Kwa hiyo mtu akiniambia usimhoji mtoto bila mzazi, naelewa. Sheria ya kudhibiti Ukimwi ya 2006 ina mlango mdogo: mtoto aliye mjamzito, aliyeoa au aliye mzazi anaweza kukubali mwenyewe kupimwa. Lakini mimi sikuwa na kipimo, nilikuwa na maswali. Na huyu si mzazi wa mtu kwa karatasi. Analea tu.

Msimamizi akasema ruka, nenda nyumba inayofuata. Tableti inakupa sababu tatu: amekataa, amehama, hakupatikana. Nikachagua ya tatu.

Nilipokuwa nafunga begi akaniuliza, "Kwani wewe bro una miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

"Unalea nani?"

Nilikunywa maji yake nikaondoka.

Sasa fikiria ile ripoti ikitoka, na najua zinavyosomwa, maana tunasemwa kwa nambari kila mwaka. Mwaka 2018 Kilifi ilivuma nchi nzima kwa mimba za wasichana, zaidi ya 13,000. Wengi katika hesabu ile walikuwa wa miaka 15 hadi 19, lakini mtaani tulisikia neno moja tu: watoto. Mke wa mtu wa miaka 19 na msichana wa shule ya msingi wakatiwa kapu moja, na hawahitaji msaada mmoja. Mwaka 2024 ikawa muguka. Kila mtu mzima mwenye maikrofoni akawa na nadharia kuhusu vijana wa Pwani. Sisi tunahesabiwa tukiharibika. Yule wa timbo hajaharibika, kwa hiyo atahesabiwa wapi?

Alcinda Honwana, mwanaanthropolojia wa Msumbiji, alitoa kitabu mwaka 2012 kuhusu vijana wa nchi nne za Afrika. Anasema kuna kipindi kirefu ambapo mtu si mtoto tena lakini hajafika utu uzima, hana pesa ya kuoa wala kujenga wala kuwatunza wazee wake. Yuko anangoja, huku akihangaika kila siku. Nilipokisoma (kwa simu, usiku, bando la mtu mwingine) nilijiona mimi kabisa. Mimi ndiye nangoja. Naishi kwa mama Shella, naoshewa nguo, na jirani akiuliza mama anajibu, "Yuko likizo." Likizo ya mwaka wa tatu! Kwenye sensa mimi ni mtu mzima na nyumbani bado nawekewa chakula kimefunikwa na sahani.

Lakini yule hakuwahi kupewa hata nafasi ya kungoja. Kwa Katiba yeye ndiye mtoto kati yetu wawili.

Mwezi wa tatu alitimiza 18. Nilikuwa nimeikumbuka tarehe, ilikuwa sehemu pekee ya fomu niliyojaza. Nikapanda matatu hadi Kilifi, bila fulana, bila tableti, na maandazi ya wadogo zake. Mradi ulikuwa umekwisha kitambo. Nilitaka tu kumuuliza yale maswali, na sijui ningeyapeleka wapi majibu.

Nikamkuta timbo. Akanikumbuka. Nikamwambia sasa naweza kukuhoji, huhitaji ruhusa ya mtu. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema leo kuna lori, kama nataka maongezi nipakie naye.

Nilipakia mawe thelathini na kitu, mgongo ukagoma. Yeye akaendelea, ananisimulia kuhusu mdogo wake wa kike aliyeanza kukataa kwenda shule, na mimi nimekaa kivulini na maandazi yangu, naitikia.