Tarehe Ilitangulia Kazi

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliimaliza Nairobi, katika kampuni iliyouza programu kwa vyama vya akiba na mikopo. Wengi waliopita pale husema ilikwama kwa sababu msimbo wake ulikuwa mbovu. Ulikuwa mbovu kweli, siutetei. Lakini ubovu huo ulikuja baadaye. Kilichotangulia ni desturi ya wakubwa kumwahidi mteja tarehe kabla ya kumuuliza hata mmoja wetu kazi ina ukubwa gani. Tarehe ikishatiwa saini, anayesema haiwezekani alihesabiwa mkorofi, na wenye akili walijifunza upesi kunyamaza. Ripoti iliyoanzia chini ikisema "tumechelewa" ilifika kwa msimamizi ikawa "kuna changamoto kidogo", na mezani kwa mkurugenzi ikawa "tunaendelea vizuri". Hakuwa mjinga yule mkurugenzi. Taarifa za uongo alizoongozea alijitengenezea mwenyewe bila kujua, kwa kuwakaripia waliomletea za kweli.

Dawa yake kila mradi ulipochelewa ilikuwa kuongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 pale IBM, alikwishaeleza mwaka 1975 kwa nini hilo huzidisha ugonjwa: wageni hufundishwa na walewale wasio na muda, na kila anayeongezwa huongeza mazungumzo. Kisha yakakatwa majaribio, maana mteja hayaoni. Nitajibiwa kwamba mishahara hutoka kwa mteja, naye hasubiri. Sikatai, zabuni isiyo na tarehe haipo. Ila ukiifunga tarehe huna budi kulegeza wingi wa kazi: mikopo ianze, gawio lifuate baadaye. Kwetu vilifungwa vyote viwili, kilicholegea kikawa hesabu za wanachama. Wengine husema waandishi wa programu ni walalamishi wa kuzaliwa. Brooks aliwaona kinyume kabisa, watu wa matumaini kupita kiasi. Basi kundi kama hilo likianza kuonya, kulipuuza ni ujasiri wa ajabu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mitambo ya kutoa tahadhari ingeziba pengo la uongozi. Knight Capital, kampuni ya udalali wa hisa ya Marekani, ilikuwa na mitambo iliyotoa ishara. Tarehe 1 Agosti 2012 mfumo wake uliwatumia wafanyakazi barua pepe 97 zenye dalili ya hitilafu kabla soko la hisa halijafunguliwa, lakini hazikuwekwa ziwe tahadhari na hazikushughulikiwa. Soko lilipofunguliwa, kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa takriban dakika 45. Kwetu nako ilinunuliwa programu ya kusajili hitilafu, ikajaa upesi. Wakubwa walitazama idadi ya zilizofungwa, hivyo zikawa zinafungwa bila kutengenezwa, na waliozijua kwa undani ndio waliotangulia kuhamia kwenye mabenki.