Matembezi ya Kisiwa cha Chumbe

Mwendapo Unguja likizoni, vukeni hadi Chumbe. Mashua hutoka Mbweni, na safari haitimizi saa nzima. Hapo pana mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, na karibu yake msikiti mdogo wa zamani wenye umbo la Kihindi.

Lakini ajabu kubwa imo majini. Vaeni miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia. Mtaona bustani ya matumbawe na samaki wa kila rangi. Uvuvi umekatazwa hapo tangu 1994, na waliokuwa wavuvi wakafanywa walinzi.

Wazazi, wafahamisheni watoto kabla ya kushuka: tumbawe si jiwe, lina uhai. Mengine hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka, na unyayo mmoja huyavunja. Basi eleeni, mtazame, wala msikanyage.